Shavu la Wabiwa Kwenye Kioo cha Kugusa

Ukipita mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, ukasikia watoto wa sokoni wananiita Mutoto wa Ku Shuka, yaani mtoto wa kwenye shuka, usiwaulize wao kwa nini, niulize mimi mwenyewe, maana wao wanatia chumvi na aibu yangu haihitaji chumvi, ilikuja imekolea tayari. Mimi ni mtu mzima, nina mvi za kutosha, nina kibanda changu cha kuchapa barua na kutoa kopi karibu na soko, watu wananiita Sekretere kwa heshima, na heshima hiyo niliitafuta miaka mingi, halafu nikaipoteza asubuhi moja mbele ya kanisa zima kwa sababu ya kidole. Hiki hapa cha mkono wa kulia. Kila nikikitazama nasikia haya.

Mambo yalianza kwa ubishi. Shemeji yangu wa Bukavu alikuwa amenitumia laptop ya kioo cha kugusa, ile ambayo unapitisha kidole picha inasogea, unatanua vidole viwili uso wa mtu unakuwa mkubwa, na mimi kwa muda wa majuma kadhaa sikuwa na mazungumzo mengine (mke wangu alifika mahali pa kuniambia nikalale na hiyo mashine kibandani). Aliyenipinga waziwazi alikuwa Mama Etungano, prezida wa kamati ya akina mama kanisani, muuzaji wa ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, mwanamke mwenye sauti ya kuvusha mtu ng'ambo. Kamati yake ilikuwa na laptop ya zamani, nene, nzito, herufi A imeng'oka kwenye klavye na inabidi ubonyeze kile kimpira kilichobaki chini yake, na yeye aliitetea kama ni ndugu wa damu.

"Laptop njo ile iko na klavye," aliniambia mbele ya wateja wangu. "Ekra ni ya kuangalia. Ukitaka kugusa, gusa simu yako."

"Mama prezida, dunia inaendelea."

"Iendelee. Mi tangu asubui nagusa samaki. Unataka nije nikapakaze wapi?"

Wateja walicheka, na mimi nikaapa moyoni kwamba nitamwonyesha, yeye na hao waliocheka, tena mahali penye watu wengi. Ndivyo nilivyo. Nikishabishana, sisikii tena njaa wala mvua.

Basi nafasi ikaja, na ilikuja kwa sababu mbaya. Mwaka ule vita vilikuwa vimerudi kule juu milimani, masasi, yaani risasi, yakalia, watu wakateremka kutoka Kilembwe na vijiji vya jirani, wengine na godoro kichwani, wengine na kuku, wengine bila kitu, na katika kukimbia hivyo watoto waliachana na wazazi. Walioachana walifuata watu wowote waliokuwa wanakimbia mbele yao, kwa hiyo mtoto wa Kilembwe ungeweza kumkuta Lweba, Mboko, hata Makobola, kwenye nyumba ya mtu aliyesogeza wanawe kwenye mkeka akampa nafasi. Kanisa letu likaamua: picha za watoto hao zikusanywe kwenye simu za wavuvi na makatekista wanaopita vijiji vya ziwani, ziletwe Baraka, zitupwe kubwa kwa projekta juu ya shuka nyeupe, na wazazi waje watazame. Wakatafuta mtu wa mashine. Mama Etungano akaleta ile yake nene. Mimi nikaleta yangu na maneno mengi, nikashinda.

Aliyenifanya nione haya mpaka leo alikuwa mama mmoja wa Kilembwe, aliyelala na wenzake kwenye darasa la shule moja. Alikuwa akija kibandani kwangu kila siku, anasimama pembeni, hasemi kitu mpaka wateja waishe, ndipo anauliza kama picha zimefika. Mtoto wake aliitwa Wabiwa, msichana mdogo, wa umri wa kuanza shule. Na unajua kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo kila aliyemsalimia, "Jambo, Mama Wabiwa," alikuwa anamtonesha bila kujua. Mimi pia nilimwita hivyo, kila siku, na kila siku aliitika.

Siku yenyewe niliamka mapema kupanga picha. Zilikuwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, nimezihamisha kutoka kwenye simu za watu, na kwa wema wangu nikawafutia kule kwenye simu zao ili zipate nafasi (wema huo sitasahau). Nikazikokota kwa kidole zote mahali pamoja, za Lweba, za Makobola, za wapi, bila kuandika ipi imetoka wapi, maana ilikuwa raha sana kuzikokota na nilisema kichwani mwangu nitakumbuka. Huku nakokota, huku nakula mandazi ya jirani yangu, ambaye anayakaanga kwa mawese, yakiwa moto yanakuachia vidole vyekundu. Nilijipangusa kwenye suruali. Kioo sikukipangusa.

Sale, yaani ukumbi wa kanisa, ilijaa mpaka dirishani. Jenereta inanguruma nje, vitenge vimetundikwa kuzuia mwanga, shuka imekazwa ukutani, na Mama Etungano amekaa mstari wa mbele na ile laptop yake mapajani, imefungwa kwenye kitambaa. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Ya kusubiria." Nilisimama na koti langu la harusi (ndiyo, nililivaa) nikaanza kwa kuwaeleza watu jinsi kidole kinavyofanya kazi, nikapitisha picha ya kwanza, ya pili, sale yote ikasema eeeh, na nikamtupia Mama Etungano jicho. Wazazi wamekaa hapo hawajui watoto wao wako hai au vipi, na mimi nawafundisha kidole. Nikikumbuka sehemu hiyo nataka kuingia chini ya kitanda.

Lakini kazi ilikwenda. Baba mmoja alimtambua mwanawe akakaa chini ghafla kama miguu imekatika, watu wakaimba, mimi nikajiona nimeleta wokovu. Nikapitisha nyingine, na nyingine. Halafu Mama Wabiwa akasimama kule nyuma. Hakupiga kelele. Alianza tu kuruka miguu ya watu kuja mbele, akisema kwa sauti ndogo, "Njo yeye. Njo yeye," yaani ndiye, Wabiwa wake.

Na mimi, badala ya kumwacha aangalie shuka kama watu wote, nikasema kwa ukarimu, "Kuya karibu, mama, muangalie hapa ku mashini, hapa iko muzuri zaidi."

Akainama mbele ya laptop. Kisha uso wake ukabadilika.

"Iko na kidonda."

"Wapi?"

"Hapa ku shavu. Iko na damu. Nani alimupiga?"

Nikatazama shuka: shavu la mtoto safi, halina kitu. Watu nao wakaanza kumwambia, "Haiko na kitu, mama, angalia ku shuka." Ila yeye shuka alikuwa haioni tena, alikuwa anaona kile kilichokuwa mbele ya macho yake, na mbele ya macho yake, juu ya kioo changu, juu kabisa ya shavu la Wabiwa, kulikuwa na alama nyekundu ya mandazi yangu. Niliielewa nikiwa nimechelewa. Alikuwa ameshachukua ncha ya kitenge chake, ameitia mdomoni kidogo ilowane, na amempangusa mwanawe shavu, kwa nguvu, vile mama yeyote wa hapa anavyompangusa mtoto kabla ya kuingia kanisani.

Wabiwa akaondoka. Alama ikatoka upande mmoja, na Wabiwa naye akatoka upande huohuo, akaja mvulana wa watu wengine. Mama akapangusa tena, sasa kwa hofu, akaja mwingine, akaja mbuzi (mvuvi mmoja alikuwa amepiga picha ya mbuzi wake, sikuiondoa), na kila akipangusa mtoto wake anazidi kwenda mbali.

"Anaenda wapi? Sekretere, mutoto anaenda wapi?"

Mtu mwenye akili angemshika mkono akamwambia ngoja kidogo. Mimi nilitaka kuonyesha utaalamu. Nikaingiza kidole. Sasa kioo kikiwa na mate na mawese pamoja hakisikii tena amri ya mtu, unagusa hapa kinaitika pale, nikarudisha picha ikawa pua peke yake, nikapunguza pua yakafunguka mambo nisiyoyajua, na katika kuhangaika huko nikafungua kamera. Ile kamera ya mbele, inayomtazama mtu anayeitazama.

Basi juu ya shuka nikatokea mimi. Mkubwa, ukuta mzima. Mdomo wazi, jasho puani, chembe ya andazi kwenye masharubu.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele, ambaye macho yake yamechoka lakini sauti bado, aliniangalia kwa huruma akauliza, "Na huyu naye ni mutoto wa nani?"

Na mwingine nyuma yake akajibu taratibu, "Huyu alipotea zamani sana, wazazi bake balishakufa."

Sitakueleza kicheko. Watu wale walikuwa hawajacheka tangu watoke kwao, na walikitoa chote siku hiyo, wanaegemeana, wanapigana mabegani, katekista analia machozi. Nikajaribu kutabasamu, na yule wa kwenye shuka naye akatabasamu, ikawa mbaya zaidi. Mama Wabiwa peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama kioo akisubiri nitoke mimi, arudi mtoto wake.

Nikabonyeza bonyeza niufukuze uso wangu. Ukaenda. Wabiwa akarudi, nakuapia alirudi, shavu safi, na mbele yake kidirisha kidogo cha maneno ya Kifaransa kinauliza swali. Mtu anayechekwa na kanisa zima hasomi swali. Nikaona *Oui*, yaani ndiyo, nikagusa *Oui*.

Nilikuwa nimeulizwa kama nataka kufuta. (Na usiniambie habari za kapu la takataka la mashine, hilo nalijua mimi kuliko wewe, picha zilikuwa kwenye kadi, na kinachofutwa kwenye kadi hakipiti kapuni, kinakwenda moja kwa moja.)

Kicheko kilikufa chenyewe watu walipoona nimeacha kubonyeza. Ikabidi niseme. Nikamwambia picha imetoka. Akasema irudishe. Nikasema haiwezekani. Akaniuliza basi mtoto yuko kijiji gani, nikamwambia sikuandika. Mtandao wa simu ulikuwa umekatwa siku zile, na wale waliozileta picha walikuwa wamekwisha kurudi kila mmoja kwake.

"Kule Kilembwe," alisema Mama Wabiwa, "nilimuachia mukono sababu ya masasi. Hapa kulikuwa masasi gani?"

Hakupaza sauti. Angenipiga kibao ningeshukuru. Nilivua koti la harusi nikaliweka kwenye kiti, na hapo ndipo nilipokata shauri, mbele ya shuka tupu, kwamba mtoto huyu nitamtafuta kwa miguu kijiji kwa kijiji mpaka Makobola na zaidi ya Makobola, na sitakaa tena kwenye kile kibanda nikiitwa Sekretere kabla sijamwona kwa macho.

"Nani aliona kitu nyuma ya mutoto?" nikauliza watu. "Hata kidogo. Mi sikuona, mi nilikuwa naangalia kidole."

Wakaanza. Mmoja aliona ukuta wa matofali, mwingine aliona mgomba, mzee mmoja akashikilia kwamba aliona mbuzi, tukamweleza mbuzi ni mwingine. Mama Etungano alingoja wote wamalize.

"Kulikuwa meza ya kuanika ndagala," alisema. "Miguu ya meza iko ndani ya makopo ya tomati. Ni juu ya siafu, banatia maji mu kopo, siafu hazipande. Batu bengi hapa habafanye vile. Mi najua moja tu, Da Mwavita, kule Lweba. Nanunuaka kwake." Halafu akafungua kitambaa cha laptop yake, akakifunga tena, akaniangalia. "Mi niliona ku shuka tu. Sikugusa."

Nilikubali. Hata leo nakubali. Nikamkabidhi laptop yangu aitunze, nikamwambia Mama Wabiwa twende, akafunga kitenge chake vizuri, tukatoka.

Mwenye pikipiki mmoja, aliyekuwa amechungulia dirishani, alikataa kutupeleka, alisema kuna habari za risasi njiani na yeye ana watoto. Nikamwambia sawa, nikaanza kutembea. Mama Wabiwa alitembea mbele yangu na hakugeuka, na mimi na viatu vyangu vya kanisani nilimfuata nikiwa na malengelenge hata kabla hatujauacha mji, nikasema moyoni malengelenge ni haki yangu. Wale waliokuwa wanatoka upande wa Lweba walituambia turudi, kuna watu wenye bunduki wameonekana shambani. Nikamtazama Mama Wabiwa. Alikuwa hajasimama hata kuwasikiliza. Nikaendelea nyuma yake, naogopa, nakwenda hivyo hivyo.

Kwenye kizuizi cha wanajeshi tukasimamishwa. Yeye hakuwa na karatasi yoyote, zote ziliungua na nyumba. Askari akanitazama, akanitazama tena, akamwita mwenzake aliyekuwa amekaa kivulini.

"Kuya uone. Njo huyu mutoto wa ku shuka."

Yule mwenye pikipiki, aliyeogopa kutupeleka sisi, alikuwa ameona abiria mwingine wa njia hiyohiyo, akaogopa kidogo kuliko alivyosema, akatupita, akawa ameshaigawa hadithi yangu mpaka kizuizini. Walitaka niisimulie yote tangu mwanzo. Nikaisimulia. Walitaka nionyeshe jinsi mdomo ulivyokuwa wazi. Nikauacha wazi, barabarani, mtu mzima na mvi zangu, bunduki mbili zinacheka, na kama wangetaka niimbe ningeimba, mradi wafungue njia. Walipomaliza kucheka, yule wa kivulini akamuuliza Mama Wabiwa kama mtoto amepatikana. Akasema bado. Yule askari akainua mti wa kizuizi yeye mwenyewe.

Lweba tulimkuta Da Mwavita nyumbani kwake, mama wa Kiislamu mwenye ushungi mweupe, anageuza ndagala kwenye meza. Nilitazama miguu ya meza kwanza. Makopo ya tomati.

"Shikamoo, Da Mwavita. Mutoto Wabiwa?"

Alimtazama yule mama nyuma yangu, akaelewa bila kuuliza. "Iko kule ku maji na benzake. Banaosha masahani. Wabiwa!"

Alikuja na sahani mkononi, kagauni kamelowa. Nilijitayarisha kuona watu wakikimbiliana, na mimi mwenyewe nilikuwa tayari kulia, lakini Mama Wabiwa hakukimbia. Alipiga magoti pale pale kwenye mchanga, akangoja mtoto afike. Akachukua ncha ya kitenge, akaitia mdomoni ilowane, akampangusa shavu. Lile lile. Halikuwa na kitu, lilikuwa shavu safi limetoka ziwani, lakini alilipangusa kwa nguvu, mara moja, akangoja, akapangusa tena.

"Mama, unaniumiza," alisema Wabiwa.

Ndipo akamkumbatia. Na juu ya kichwa cha mtoto akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu tutoke kanisani.

"Unaona?" aliniambia. "Napangusa, hatoke."

Nilikaa chini karibu na makopo ya siafu nikalia, Da Mwavita akaniletea maji, na Wabiwa, ambaye alikuwa ananichunguza kutoka begani kwa mama yake, akauliza mimi ni nani. Mama yake akakamua maji kwenye kagauni kake.

"Ni mutoto mwingine alipoteaka," akamjibu. "Naye tulimupata."

Mutoto wa Ku Shuka ndilo jina nililo nalo mpaka leo, na sigombani na mtu. Laptop yangu ya kugusa bado ninayo, nachapia barua, nabishana na Mama Etungano kila akipita, na bado nasema ni mashine nzuri. Lakini mtu akija kibandani akitaka kuona uso wa mtu wake, aliye mbali au aliyekufa, naifunga hiyo, nanawa mikono kwa sabuni, naenda kuazima kwa Mama Etungano ile yake nene isiyo na herufi A. Maana watagusa tu, wote wanagusa, hakuna mtu unayeweza kumwambia asiuguse uso ule, na nimeapa kwamba kwangu mimi, atakayegusa, picha itabaki.